Je, Anayengoja ni Mwoga?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizikutanisha katika mlango mmoja, hakuna itakayokubali kuipisha nyingine. Ya kwanza husema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Ya pili husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ya kwanza humsifu mtu ajizuiaye, ya pili humlaumu. Msomaji, huenda umewahi kuziandika zote mbili katika daftari moja, ukapewa alama kwa kila moja, wala hukuulizwa zitapatanaje. Leo nataka tuulizane. Je, mtu anayengoja hatari ipite ni mwenye busara, au ni mwoga aliyejipatia jina zuri? Na sisi tunaomtazama tutajuaje? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kando ya ziwa, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka kwanza.

Ukitoka mji wa Migori ukaelekea magharibi, utashuka polepole katika nchi ya Nyatike mpaka ufike Sori, kwenye ghuba ya Karungu, au Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapo nchi kavu hukoma na maji huanza. Ziwa hili ramani huliita Viktoria, na Wajaluo huliita Nam Lolwe. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, na katika kila sehemu mia, sehemu sita tu ndizo za Kenya. Upande wa kaskazini, watu wa Homa Bay na Kendu Bay hukaa kando ya Ghuba ya Winam, ambayo imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlangoni pake visiwa vya Rusinga na Mfangano vimesimama kama walinzi. Watu wa Sori na Muhuru hawana walinzi hao. Mbele yao ni maji matupu mpaka upeo wa macho.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana wimbi ni mtoto wa upepo. Ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu za upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji unayoyapitia bila kuzuiwa. Ndiyo sababu upepo ule ule waweza kuleta viwimbi vya kuchezea watoto Homa Bay, na huko Muhuru ukaleta mawimbi ya kupindua mtumbwi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi iliyoachwa. Upepo huo hutoka magharibi, na tangu alasiri huyasukuma mawimbi ufuoni. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Wavuvi wa zamani waliosafiri kwa tanga walitoka kwa upepo wa usiku na kurudi kwa upepo wa mchana, kana kwamba bawabu mmoja aliwafungulia mlango jioni na kuwapokea siku ya pili.

Majira nayo yana tabia zake. Baina ya Juni na Agosti upepo wa kusini mashariki huzidi nguvu katika ziwa wazi, na maji ya juu huchanganyika na maji ya chini. Katika masika, Machi mpaka Mei, na katika vuli, Oktoba mpaka Desemba, hatari huja kwa njia nyingine. Mawingu ya radi hujengeka mchana juu ya nyanda za juu, na jioni mengine huteremka kuelekea ziwani. Chini ya wingu kama hilo hewa baridi huanguka kwa uzito, ikifika chini hutawanyika, nayo hutangulia mvua. Maji yaliyokuwa yamelala huamka kwa muda mfupi kuliko muda wa kula chakula cha jioni.

Si kila wimbi duniani hulelewa hivyo. Kwenye fukwe za mchanga za bahari ya Atlantiki, huko Ureno, Ufaransa na Morocco, wimbi linalovunjika leo pengine lilizaliwa siku kadhaa zilizopita, katika tufani iliyovuma mbali sana baharini. Tangu Oktoba mpaka Machi tufani za kaskazini huwa kali na mawimbi huwa makubwa. Katika miezi ya joto hupungua. Mawimbi makali ya baridi huuchukua mchanga wa ufuo na kuulundika chini ya maji, na mawimbi mapole ya joto huurudisha, hata mahali pa kuvunjikia hubadilika kila majira. Huko wako watu wanaocheza juu ya mawimbi kwa mbao. Aghalabu hukaa mchangani muda mrefu wakitazama kabla ya kulowa, na wenye ujuzi miongoni mwao hawamcheki mwenzao akirudi nyumbani mkavu. Wimbi la Atlantiki hutuma habari kabla ya kufika. Wimbi la ziwa letu huzaliwa na kufa katika jioni moja, na habari yake ni wingu tu, au ukimya wa upepo, au baridi ya ghafula shingoni. Habari ya namna hiyo haisemi "litakuja." Husema "huenda."

Sasa nikusimulie kisa. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Nyatike isiyo mbali na ziwa. Ulikuwa muhula wa tatu, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyekuwa na mtumbwi mmoja na vijana wanne wa kuvua pamoja naye. Jioni moja ya giza la mwezi niliteremka ufuoni kutazama mitumbwi ikiondoka kwenda kuvua omena, ndio dagaa wa ziwa hili. Omena huvuliwa kwa taa, na taa hushindwa na mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza ni usiku wa riziki. Mitumbwi kumi ilikuwa tayari, nyavu zimekunjwa, taa zimefungwa.

Mzee alisimama akiwa na kasia mkononi, akatazama mashariki. Mbali, juu ya nchi ya Gusii, palikuwa na wingu jeusi lenye kichwa kipana. Upepo wa ziwani ulikuwa umekoma kabla ya saa yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akawaambia vijana wake washushe taa.

Kijana mmoja akamwambia, "Baba, wingu la Kisii halimlowanishi mtu wa Karungu."

Mzee akajibu, "Leo hatutoki."

Mitumbwi tisa ikasukumwa majini. Kutoka katika mmojawapo sauti iliuliza kama mzee alikuwa akiogopa kulowa mvi, na kicheko kikapita juu ya maji. Mzee hakujibu. Usiku ule aliketi barazani akashona nyavu zilizotatuka, na wale vijana wanne walikaa mbali naye.

Msomaji, umesoma hadithi nyingi za vitabu vya shule, na bila shaka umekwisha kujua mwisho wake: tufani ilikuja, mitumbwi tisa ikazama, na kijiji kikajifunza kuwaheshimu wazee. Haikuwa hivyo. Wingu lilimwaga maji yake kwingine, na usiku ukapita salama. Alfajiri mitumbwi tisa ilirudi imejaa. Ufuo uligeuka soko. Wanawake walijaza karai zao, fedha zikapita mkono kwa mkono. Wale vijana wanne walisimama wakiwatazama wenzao wakihesabu fedha, na mke wa mzee alikwenda dukani kukopa unga.

Asubuhi ile ile nilikuwa na somo la methali katika darasa la saba. Niliandika ubaoni, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nikawataka wanafunzi waieleze. Mvulana mmoja, ambaye kaka yake alikuwa miongoni mwa wale wanne, aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "methali hii si kweli. Jana mzee alikuwa mwoga, na leo kwake hakuna kicheko. Kicheko kiko kwa waliokwenda. Tufani haikuja." Darasa zima liliafiki. Nilitafuta jibu nisilipate. Kengele ililia, nami nikaishukuru.

Jioni nilimwendea mzee. Nilimwuliza kwa adabu kama sasa aliona kwamba alikosea. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo jepesi. "Mwalimu," alisema, "mimi sikusema tufani inakuja. Nilisema moyoni kwamba yaweza kuja. Wenzangu wamerudi na omena. Hawakurudi na habari kwamba lile wingu halikuwapo."

Jibu hilo nimelichukua miaka mingi, na kila mwaka naona limebeba zaidi ya nilivyodhani. Mvulana yule aliuhukumu uamuzi kwa matokeo yake. Wengi wetu hufanya hivyo, kwa sababu matokeo huonekana kwa macho, na sababu za uamuzi hukaa ndani ya mtu. Lakini fikiri juu ya dereva wa matatu katika barabara ya kutoka Rongo kwenda Migori, ambaye hulipita lori penye kona asiyoona ng'ambo yake. Kwa bahati hakuna gari lililokuwa likija, na abiria hufika mapema. Je, ameendesha vizuri? Hapana mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Ameendesha vibaya, na bahati imemsitiri. Ukimsifu, utamfundisha kulirudia kosa.

Hapa ndipo penye mtego. Tuseme kwamba, katika usiku hamsini wenye dalili kama zile, tufani hushuka usiku mmoja tu. Mtu anayetoka kila mara atarudi salama mara arobaini na tisa. Mara arobaini na tisa atamcheka aliyebaki, na kila kicheko kitamwongezea imani kwamba yeye ndiye ajuaye ziwa. Kosa lisiloadhibiwa mara arobaini na tisa huanza kuitwa ujuzi. Usiku wa hamsini hautamkuta mtu mwenye tahadhari. Utamkuta mwalimu wa wengine.

Lakini tusiwe wepesi wa kumpa mzee ushindi wote. Matokeo ya usiku mmoja si hakimu, lakini matokeo ya siku nyingi ni shahidi anayestahili kusikilizwa. Kama mzee angeyakimbia mawingu mia, na katika hayo mia lisishuke hata moja, ingempasa akiri kwamba macho yake yanamdanganya na kubadili kipimo chake. Ziwa lenyewe hubadilika. Baada ya mvua kubwa za miaka ya 2019 na 2020 maji yalipanda, na Mei 2020 yakapita kimo cha juu kilichowekwa mwaka 1964. Yaliingia mashambani na majumbani katika fuo za Homa Bay na Migori, na mtu aliyekariri ufuo wa babu yake ilimlazimu ausome upya. Siku hizi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kwa ajili ya watu wa ziwani, unaotaja upepo na kimo cha mawimbi. Hata utabiri huo, pamoja na vyombo vyake vyote, husema "huenda," neno lile lile la mzee. Ujuzi haukuondolei shaka. Hukuonyesha ukubwa wa shaka yako, ili uamue macho yakiwa wazi.

Sasa nisikilize upande wa vijana, maana wana haki ya kusikilizwa. Wao hawakuwa wajinga. Waliliona wingu kama mzee alivyoliona. Lakini mmoja alidaiwa karo ya mdogo wake, na mwingine alikuwa na mtoto mchanga. Kwa mwenye ghala kungoja ni busara tu. Kwa asiye na ghala kungoja ni njaa ya hakika inayowekwa mahali pa hatari ya labda. Mtu akichagua labda badala ya hakika, usiharakishe kumwita mpumbavu. Uliza kwanza ni nani aliyemfanya asiweze kumudu usiku mmoja wa kukaa nyumbani. Mara nyingi utaona kwamba lawama haimwangukii yeye peke yake. Kijiji kinachotaka vijana wake waogope wingu hakina budi kuwawekea akiba, katika chama chao au ushirika wao, ya kuwavusha usiku wa wingu. Kuwahubiria subira watu ambao hukuwaachia unga ni kazi rahisi mno kuwa wema.

Liko jambo jingine, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Katika ziwa letu wenye mitumbwi wengi hawatoki kuvua. Hulala nyumbani, na vijana huenda. Asubuhi samaki hugawanywa, fungu la mwenye mtumbwi na fungu la wavuvi. Mwenye mtumbwi wa namna hiyo akisema, "Nendeni, msiogope," neno lake husikika kama neno la ushujaa. Lakini anahatarisha nini yeye? Mbao na nyavu. Kinachokwenda majini ni pumzi za watoto wa wenzake. Kuitoa rehani roho ya mtu mwingine si ujasiri hata kidogo, ni ukarimu wa kugawa mali isiyo yako. Mzee wangu alikuwa mwenye mtumbwi, na yeye mwenyewe alivua. Alipokataa kutoka, alipoteza fungu lake kama vijana walivyopoteza lao, na mke wake akakopa unga kama mama zao. Aliwazuia wengine wasipate, na hakujiepusha na hasara ile. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama mtu ni jasiri, usitazame tu kama anakwenda au anabaki. Tazama hatari hiyo ni ya nani, na hasara hiyo ataila nani.

Usiseme kwamba ni ziwa lenye hatia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kivuko hicho kiliidhinishwa kuchukua abiria 101. Hakuna wimbi lililowahesabu watu wale, wala upepo uliowapakia. Maji hayana huruma wala chuki. Hufuata uzito na upepo. Wema na ubaya viko upande wetu, penye mchanga, kabla ya mtumbwi kusukumwa.

Labda utaniambia, "Mwalimu, basi kila mwoga atajificha nyuma ya wingu." Ni kweli, na ndiyo sababu methali ya pili haikufutwa. Kungoja kwaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya busara. Mimi hutumia vipimo viwili. Cha kwanza: anayengoja anajua anangoja nini? Mzee alingoja wingu lile, usiku ule. Usiku uliofuata mbingu zilikuwa safi, na mtumbwi wake ndio uliotangulia majini. Mwoga hangoji kitu. Akiondolewa wingu atatafuta jingine. Cha pili: anapongoja anafanya nini? Mzee alishona nyavu. Mwanafunzi anayesema atasoma moyo ukitulia, na huku anakaa kivulini akihesabu ndege, hangoji. Anapoteza wakati, na wakati hautamngoja yeye.

Nawe pia una maziwa yako ya kuvuka, ijapokuwa hujui kushika kasia. Iko siku rafiki zako watasimama mtumbwini wakikuita, na safari itakuwa ya kupanda pikipiki usiku na dereva aliyelewa, au ya kuingia mtoni uliofurika, au ya kutia fedha za karo katika mchezo wa kubahatisha. Utakataa, nao watakwenda, na pengine watarudi salama wakicheka, mifuko imejaa. Siku hiyo ndiyo ngumu. Kuwa na busara tufani ikija si kazi, maana kila mtu atakupongeza. Kazi ni kubaki na busara tufani isipokuja, usimchukie aliyekucheka, wala usitamani azame ili uonekane ulisema kweli. Mzee wangu, alfajiri ile, aliteremka ufuoni akasaidia kuvuta mitumbwi tisa nchi kavu, mmoja baada ya mwingine.

Kama ningerudishiwa darasa lile la saba leo, kengele isingeniokoa. Ningemwambia yule mvulana: umesema kweli kwamba tufani haikuja, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mzee hakuwa akishindana na tufani, wala na jirani zake. Alikuwa na roho nne za watoto wa watu mkononi mwake na wingu moja machoni pake, akaamua kwa alichokijua saa ile. Mhukumu kwa hicho. Kisha ningempa chaki, nikamwomba aje ubaoni aandike methali zile mbili, moja juu ya nyingine, atuambie mwenyewe zinapatana wapi.